Mwenye Nyumba Auza Nini? Kodi, Joto na Amana ya Paa



Wako watu wengi wa miji yetu ya Pwani ambao riziki yao, au sehemu ya riziki yao, yatoka katika nyumba za kupangisha. Wengine wamejenga papa hapa, na wengine wamejenga bara, hasa Kisumu na miji ya ufuo wa ziwa, ambako jamaa zetu walikwenda zamani kwa biashara wakazaa na kuzikwa huko. Katika darasa letu limeulizwa suali ambalo twaona linawahusu wote hao. Je, mwenye nyumba awajibika kwa mpangaji wake zaidi ya kuta nne, mlango wenye kufuli na paa lisilovuja? Na ikiwa paa lenyewe ni mabati matupu yasiyo na dari, na chumba kikawa tanuri mchana kutwa, je, lawama ni ya jua au ni ya mwenye nyumba?

Suali hili si dogo. Anayelichukulia kuwa ni la mafundi na waashi hakulitazama vyema. Ni suali la haki, kwa sababu pesa zimetoka mkono mmoja zikaingia mkono wa pili, na kila pesa iliyopokewa ina kitu kinachodaiwa badala yake.

Kwanza tuieleze hali ilivyo. Mtu wa Pwani ambaye hajafika Kisumu hudhani kwamba bara yote ni baridi kama Nairobi. Sivyo. Kisumu, ambayo reli ilifika mwaka 1901 na ikaitwa Port Florence, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, lakini imekaa bondeni kando ya ziwa na karibu mno na mstari wa ikweta. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 na mara nyingi huzipita. Kuuzunguka mji wako mitaa ambayo ndiyo makao ya wafanyakazi na maskini: Nyalenda, Manyatta, Obunga, Bandani. Nyumba nyingi humo ni safu za vyumba vya kupangisha. Kuta ni za udongo uliopakwa saruji au za matofali, na pengine nazo ni za mabati. Juu ni mabati yaliyopigiliwa moja kwa moja juu ya miti, bila ya kitu chochote baina yake na kichwa cha mtu.

Bati ni kitu chembamba. Jua likilipiga hupata moto kuliko hewa yenyewe, kisha huutupa moto ule chini kwa waliomo ndani, kama vile kikaango kilichopinduliwa. Usiku wa manane bati hilohilo hupoa upesi, na pengine unyevu wa pumzi za watu hugeuka matone yakaanguka juu ya matandiko. Kwa hivyo mwenye chumba hicho hana mchana wala hana alfajiri. Si kwamba bati ni baya kwa dhati yake, kwani halioki moto upesi kama makuti, na huzuia mvua. Ubaya ni kuliacha peke yake. Likitiwa dari chini yake, na ukaachwa mwanya wa hewa baina ya dari na bati, na hewa ile ikapewa pa kutokea, moto mwingi hukomea juu usiwafikie watu.

Na ni nani anayekaa ndani ya chumba hicho wakati wa adhuhuri? Mwenye nyumba husema kwamba mchana watu wako kazini, na usiku hapana jua. Huyo hawajui wapangaji wake. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na usingizi wao ni wa mchana. Mlinzi wa lango na muuguzi wa zamu ya usiku hali yao ni hiyo hiyo. Mzazi aliyejifungua juzi hana pa kwenda na kichanga chake. Mzee na mgonjwa hawatoki. Mwenye kufunga Ramadhani hurudi kutaka kivuli asikipate. Watu hawa si wachache, na madhara yanayowafikia si usumbufu tu. Joto jingi humnyima mtu usingizi, humkausha maji mwilini, nalo ni la hatari zaidi kwa watoto wachanga na wazee.

Sasa tulirudie suali letu: mwenye nyumba auza nini? Wanavyuoni wetu wameliweka wazi jambo hili katika mlango wa ijara. Ijara si kuuza kitu, ni kuuza manfaa ya kitu. Aliyekodisha ngamia hakuuza ngamia, ameuza mwendo wake. Aliyekodisha nyumba hakuuza mawe wala miti, ameuza makazi. Na makazi ni nini? Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu atukumbusha neema zake, na miongoni mwa hizo ametaja kwamba majumba yetu ameyafanya kuwa mahali pa utulivu. Katika aya inayofuata akataja vivuli, na mavazi yenye kutukinga na joto. Basi utulivu na kinga ya joto si anasa zilizobuniwa na matajiri wa siku hizi. Ni katika maana ya neno nyumba tangu asili. Nyumba ambayo mtu huikimbia mchana akakae chini ya mwembe wa jirani, manfaa yake yamepungua, na mwenye kupokea kodi kamili kwa manfaa yaliyopungua yampasa ajiulize amepokea nini.

Tena liko neno katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, kinachosomwa katika vyuo vyetu, ambalo wanafunzi hulipita wakitabasamu. Imam ataja kwamba kuiondoa theluji juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, na kuisafisha theluji na takataka uwanjani ni kazi ya mpangaji. Mwanafunzi wa Lamu au Mombasa husema: hii yatuhusu nini, nasi theluji hatuijui? Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alikuwa mtu wa Sham, na Damascus theluji huanguka. Alitoa mfano wa mji wake. Tuitazame maana tusiangalie mfano peke yake: lile ambalo mbingu hulitupa juu ya paa ni mzigo wa mwenye paa, na lile linalotokana na ukaaji wa kila siku ni mzigo wa mkaaji. Mbingu ya Sham hutupa theluji. Mbingu ya Kisumu hutupa jua. Kwa nini mwenye nyumba wa Sham abebe mzigo wa mbingu yake, na wa kwetu amwachie mpangaji?

Atasema mwenye elimu: ngoja, umeficha nusu ya mas-ala. Wanavyuoni hao hao wamesema kwamba mwenye nyumba asipotengeneza halazimishwi kwa nguvu, ila mpangaji hupata hiari ya kuuvunja mkataba akaondoka. Tena wamesema kwamba aliyeiona aibu ya kitu akaridhika nayo wakati wa kufunga mkataba, hana hiari baadaye. Na mpangaji wa Nyalenda aliingia chumbani akainua macho, akaona hapana dari, akalipa. Ameridhia mwenyewe. Dhuluma iko wapi?

Hoja hii ni nzito, nasi hatutaki kuikwepa. Twasema hivi. Hiari ya kuondoka ni dawa kwa mwenye pa kwendea. Mtu ambaye akitoka chumba hiki ataingia kingine mfano wake, na cha tatu kama cha pili, hiari yake ni jina lisilo na kitu ndani yake. Pale ambapo ridhaa ya mmoja mmoja haitoshi kuondoa madhara yaliyoenea, sharia haikuwaacha watu bure, bali ilimpa kazi mwenye madaraka. Imam Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ataja miongoni mwa kazi za muhtasib kwamba huwazuia wenye vyombo vya baharini kupakia kuliko kiasi kinachochukulika, na humkanya mwenye mnyama anayemtwika kazi asiyoiweza.

Tazama vyema mfano wa chombo. Abiria amepanda kwa miguu yake, amelipa nauli kwa mkono wake, na ameuona msongamano kwa macho yake. Juu ya hayo ridhaa yake haikumfanya nahodha kuwa huru. Watu wa ziwa wanalijua hili kwa msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imepakia watu kuliko uwezo wake, wakafa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Hapana aliyesimama makaburini akasema: hawa waliridhia wenyewe. Kila mtu alijua kwamba mhitaji hupanda chombo kilichopo, na kwamba mwenye chombo hana haki ya kuifanya dhiki ya watu kuwa ndiyo hoja yake. Twakiri kwamba chumba cha moto hakizamishi watu mia kwa saa moja. Lakini tofauti ni ya kiasi na ya upesi. Ama kanuni ni moja: ridhaa ya mwenye dhiki haihalalishi kila kitu kwa asiye na dhiki.

Hoja ya pili ni ya wafanya biashara. Wao husema: mkitulazimisha kutia dari tutapandisha kodi, na maskini mnayedai kumtetea ndiye atakayefukuzwa. Hili nalo lina ukweli ndani yake, kwa hivyo tulipige hesabu badala ya kulipigia kelele. Tuchukue mfano wa kudhania tu: chumba cha kodi ya shilingi 3,000 kwa mwezi, na dari ya gharama ya shilingi 9,000 itakayodumu miaka 10. Miaka 10 ni miezi 120. Gharama ya dari ni shilingi 75 kwa mwezi, na katika kodi ya miezi 120 mwenye nyumba ametoa miezi mitatu. Hata akiigawa gharama nusu kwa nusu na mpangaji, hapana atakayehamishwa mtaani kwa sababu hiyo. Anayepandisha kodi kwa shilingi 500 kwa ajili ya dari ya shilingi 75 hakupandisha kwa ajili ya dari. Amepata kisingizio.

Hoja ya tatu ni ya wale wasemao: mbona wazee wetu waliishi bila ya haya? Jawabu ni kwamba wazee wetu hawakuishi chini ya mabati matupu. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na dari za boriti zilizojazwa mawe na chokaa. Nyumba za udongo zilikuwa na paa la makuti lililoinuka, na hewa ikipita chini ya upenu. Wenyeji wa ufuo wa ziwa waliezeka kwa nyasi nene. Wote hao hawakusoma vyuo vya uhandisi, lakini walijua kwamba paa ni kinga ya jua kabla ya kuwa kinga ya mvua. Sisi tulichukua bati kwa sababu ni rahisi na ladumu, tukaiacha hekima iliyokuwa chini ya makuti. Hiyo si kufuata wazee.

Nao walimwengu wengine wamelifikiri jambo hili wakaliwekea sheria. New Zealand ni nchi ya baridi, na huko tangu tarehe 1 Julai 2019 kila mwenye nyumba ya kupangisha hulazimika, pale inapowezekana kazi hiyo kufanyika, kutandika juu ya dari na chini ya sakafu vitu vya kuzuia joto lisitoke. Sheria hiyo haikuzuka hivi hivi. Wataalamu walizitandika nyumba zipatazo 1,350 za watu wa kipato kidogo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliomo walipungua maradhi ya kifua, na watoto walipunguza kukosa skuli. Ufaransa nayo imeamua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 nyumba zilizo katika daraja ya mwisho kabisa kwa kupoteza joto zisipangishwe upya.

Na huko Uingereza kulikuwa na mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, mwana wa wazazi wa Kisudani, aliyefariki mwezi wa Desemba 2020 katika mji wa Rochdale. Uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kwamba sababu ilikuwa ukungu ulioota ndani ya nyumba ya kupanga, na baba yake alikuwa ameulalamikia mara kwa mara. Bunge likapitisha mwaka 2023 sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo, na tangu Oktoba 2025 wakodishaji wa nyumba za umma na za mashirika huko huwekewa muda maalumu wa kuyashughulikia mambo kama hayo. Ni jambo la kutia uchungu kwamba alihitaji mtoto kufa ndipo hewa ya chumbani ihesabiwe kuwa ni wajibu wa mwenye nyumba.

Kwetu Kenya msingi uko. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, yaweka ahadi juu ya mwenye mali kwamba nyumba au chumba kilichokodishwa kwa kukaliwa kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu tangu mwanzo wa mkataba, na kibaki hivyo mpaka mwisho wake. Kifungu hicho hakikutaja dari wala joto. Kimetaja kufaa, na kufaa ni neno ambalo kila mtu muadilifu aweza kulipima. Kipimo chake ni chepesi: mwenye nyumba na aingie chumbani mwake saa nane mchana, aufunge mlango, akae mpaka alasiri. Akiona kwamba chafaa kwa mwanawe, basi chafaa kwa mwana wa mwenziwe.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi zaidi. Zimo katika nyumba za kupangisha nyumba za wakfu, ambazo kodi yake huendesha misikiti na madrasa. Huenda mtu akaona kwamba kila shilingi itakayotumika juu ya dari imenyang'anywa mayatima na walimu. Lakini mafakihi wamesema kwamba mapato ya wakfu kwanza huelekezwa kwenye imara yake, yaani kuitengeneza mali yenyewe, kisha ndipo wapewe wenye kustahiki. Ikiwa yatima mwenyewe hungojea paa litengenezwe, vipi mwenye nyumba wa kawaida, anayejaza mfuko wake, aseme kwamba hana nafasi? Na itakuwaje tuombe dua chini ya mapanka ya msikiti yanayozungushwa kwa kodi ya mtu asiyepata usingizi?

Basi la kufanya ni nini? Kwanza, anayejenga upya asitie mabati bila ya dari. Aliinue paa, aweke madirisha yanayoelekeana ili hewa ipite, na aache matundu ya kutolea moto juu. Pili, mwenye nyumba iliyokwisha jengwa aanze na lililo rahisi. Kulipaka paa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Kupanda mti upande wa magharibi hukata jua la alasiri. Na dari si lazima iwe ya mbao za dukani. Huko Ahero, katika mashamba ya mpunga karibu na Kisumu, wataalamu walitia dari za mikeka ya mafunjo, yale yaotayo ziwani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 waliona kwamba mbu wa malaria waliomo ndani walipungua sana. Kwa hivyo mkeka mmoja wafanya kazi mbili: kuzuia moto, na kuzuia mbu katika nchi ambayo malaria ni adui wa kila nyumba. Ila matundu ya hewa yasizibwe, bali yatiwe wavu, kwani chumba kilichozibwa kote kitarudi kuwa tanuri. Tatu, kamati za misikiti zenye nyumba zianze wao, ili maneno yatanguliwe na vitendo. Nne, mabaraza ya miji na serikali za kaunti yaziweke sharti hizi kwa kadiri ya uwezo wa watu, kwa muda unaojulikana.

Twasema kwa kadiri ya uwezo, kwa sababu wenye nyumba si sawa. Yuko mwenye safu tatu za vyumba, na yuko mjane mwenye vyumba viwili, akaa kimoja akapangisha kimoja, naye ateseka kwa bati lilelile. Mungu hakumkalifisha mtu ila awezalo. Huyo asaidiwe asiadhibiwe. Nao wapangaji wana wajibu wao: kulipa kwa wakati, kuitunza dari wasiitoboe wala kuitundikia mizigo, na kufagia uwanja, kama alivyoandika Imam Nawawi. Haki haiwi ya upande mmoja.

Kwa ufupi, tumeona kwamba anayepangisha auza utulivu, na kwamba hali ya mbingu juu ya paa ni mzigo wa mwenye paa, na kwamba ridhaa ya asiye na pa kwendea si ngao ya mwenye uwezo. Mwenye nyumba atakayeyakubali haya hatapoteza mali, kwani mpangaji anayelala vizuri hakimbii, na nyumba isiyohamwa hamwa haichakai upesi. Asiyeyakubali aweza kuendelea kupokea kodi yake, na pengine hapana kadhi wala hakimu atakayemwita leo. Lakini suali la mwanzo litabaki naye kila mwisho wa mwezi, anapozihesabu pesa: badala ya hizi nimetoa nini?

Wabillahi taufiq.